Ugonjwa Usiopiga Hodi

Leo tungependa kuzungumza juu ya jambo ambalo katika nyumba zetu husemwa kwa kunong'ona, na katika nyumba nyingine halisemwi kabisa. Ni kansa ya mlango wa kizazi, au saratani ya shingo ya kizazi kama wengine wanavyoiita. Twajua kwamba kuna baba ambaye akisikia tu neno kizazi huondoka polepole kwenda kutazama ng'ombe zizini. Twamsihi aketi. Jambo hili lamhusu, na kabla hatujamaliza atajua ni kwa nini.

Hesabu kwanza, maana hesabu haina haya. Katika nchi yetu ya Kenya zaidi ya wanawake 5,000 hupatwa na kansa hii kila mwaka, na zaidi ya 3,000 hufariki kwa sababu yake. Ukigawanya kwa siku za mwaka ni akina mama wanane au tisa kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Wengi wao ni watu wa makamo, ambao bado wana watoto shuleni na wazee wa kuwatunza. Katika ulimwengu mzima, mwaka 2022, wanawake kama 660,000 walipatwa na ugonjwa huu, na kama 350,000 wakafa. Kati ya kila vifo 100 vya namna hiyo, 94 vilitokea katika nchi maskini na zile za kipato cha kati. Basi tujiulize, kwa nini? Mwanamke wa Uingereza na mwanamke wa Kakamega wameumbwa kwa namna moja. Lakini yule wa Uingereza hupelekewa mwaliko aende akapimwe wakati haumwi mahali popote, na huyu wetu mara nyingi huenda hospitali akiwa amekwisha kuzidiwa. Tofauti kubwa ni hiyo, nayo ndiyo itakayotushughulisha leo.

Kizazi, yaani ile nyumba ambamo mtoto hukaa miezi tisa, kina umbo kama la kibuyu kidogo kilichopinduliwa, mdomo wake ukitazama chini. Mdomo huo ndio mlango wa kizazi. Damu ya mwezi hupitia hapo, na mtoto azaliwapo ni mlango huo unaofunguka kumpisha. Umefunikwa na ngozi nyororo, mfano wa ile iliyo ndani ya shavu lako. Kansa tunayoizungumzia huanzia katika ngozi hiyo.

Yatoka wapi? Tumesikia mengi. Wengine husema ni laana ya ukoo, wengine husema ni kijicho cha jirani. Mwaka 1842 daktari mmoja wa Italia, Domenico Rigoni-Stern, alipekua vitabu vya vifo vya mji wa Verona, akaona jambo la ajabu. Kansa ya kizazi iliwaua wanawake walioolewa na wajane, lakini miongoni mwa masista wa nyumba za watawa ilikuwa nadra. Alijua kuna kitu, lakini hakuweza kukitaja jina. Ilipita miaka 140 na zaidi kabla ya kitu hicho kujulikana. Katika miaka ya 1983 na 1984 Harald zur Hausen wa Ujerumani, pamoja na wenzake, alipata aina mbili za kirusi katika vipande vya kansa ya akina mama. Kirusi hicho huitwa papiloma, na madaktari hukiita kwa kifupi HPV. Mwaka 2008 zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Aina hizo mbili alizozipata, ya 16 na ya 18, peke yake husababisha karibu kansa 70 katika kila 100 za mlango wa kizazi.

Kirusi hiki hupita kutoka mwili hadi mwili wakati mwanamume na mwanamke wanapokutana. Na hapa twaomba msikilize vizuri, maana ndipo nyumba nyingi zinapovunjika. Mtu akiisha kusikia hivyo, mara moja huuliza, "Basi nani amemletea mwenzake?" Mume hurudi nyumbani na maneno makali, au mke hufunga virago. Ndugu zetu, ngojeni kwanza. Kirusi cha papiloma ni cha kawaida mno. Watu wengi walio na mume au mke, au waliopata kuwa naye, hukipata wakati fulani katika maisha yao, wanaume kwa wanawake. Hakina kipele, hakina homa, na mara nyingi mwili wenyewe hukifukuza katika mwaka mmoja au miwili bila mwenyewe kujua. Lakini kwa wengine hubaki kimelala miaka mingi. Mama asiyepata kumjua mwanamume mwingine ila mume wake anaweza kuwa nacho. Huenda mume alikuwa nacho kabla hajamtolea mahari. Kwa hiyo kirusi kikionekana leo hakisemi kiliingia lini wala kilitoka kwa nani. Kipimo hiki hutafuta ugonjwa tu, hakiwezi kuwa shahidi barazani.

Tunalisisitiza jambo hili kwa kuwa tumesikia ikisemwa, tena na watu wa kanisani, kwamba hii ni kansa ya wanawake wasio na adabu. Maneno hayo yamewaua wengi. Mama mcha Mungu husikia hivyo, naye huona kwamba akionekana katika foleni ya kupimwa watu watasema nini? Basi hukaa nyumbani.

Mwakumbuka yule mwanamke katika Injili ya Marko, mlango wa 5, aliyetokwa na damu kwa miaka kumi na miwili. Biblia haisemi ugonjwa wake uliitwaje, na sisi hatutaupa jina. Lakini yasema kwamba alikuwa amehangaika kwa waganga wengi na kutumia mali yake yote. Kwa sheria ya wakati ule, mwanamke mwenye hali hiyo alihesabiwa kuwa si safi, na aliyemgusa pia. Ndiyo sababu alikuja kwa nyuma, amejificha katika umati wa watu. Wengi wa mama zetu wako vivyo hivyo. Huosha kitambaa usiku, huketi nyuma ibadani kwa kuogopa harufu, na hawamwambii mtu. Bwana Yesu hakumkemea mama yule. Alisimama njiani, ingawa alikuwa akienda nyumbani kwa mkubwa mmoja, akamsikiliza aeleze habari yake yote mbele ya watu, akamwita binti. Kanisa linalomfanya mama aone haya kusema ugonjwa wake limepotea njia hapo, nasi hatuogopi kulisema.

Sasa turudi kwenye kirusi. Kwa mwanamke mmoja mmoja, kile ambacho hakikufukuzwa na mwili huanza kuiharibu ngozi ya mlango wa kizazi kidogo kidogo. Chembe za mwili hubadilika, kwanza chache, halafu nyingi. Bado si kansa. Ni kama mchwa walioingia katika nguzo ya nyumba. Ukipita nje waona nyumba nzuri, rangi haijachubuka, bati halijalegea. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri ya mwili, kazi hiyo ya mchwa huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuwa kansa yenyewe. Kwa yule ambaye kinga yake imedhoofika, kama mwenye virusi vya ukimwi asiyetumia dawa, inaweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu.

Fikirini, wapendwa. Miaka 15! Mwembe uliopandwa siku kirusi kilipoingia ungekuwa umekwisha kuzaa mara nyingi. Magonjwa mengi hayatupi nafasi ya namna hiyo. Malaria hutupa siku chache, kipindupindu hutupa saa. Kansa hii hutupa miaka, na katika miaka hiyo yote inaweza kuonekana na kuondolewa kwa kazi ya dakika chache. Shida ni kwamba katika miaka hiyo yote haiumi. Twalirudia, haiumi. Mama hulima, huuza sokoni, huzaa, huimba katika kwaya. Ukimwambia aende akapimwe hukujibu, "Mimi siumwi kitu." Ni kweli haumwi, na siku hizo ndizo za kwenda.

Tumfikirie mama mmoja wa miaka arobaini na mitano, ambaye anaweza kuwa wa kijiji chochote chetu. Siku moja aona damu kidogo baada ya kukutana na mumewe. Hudhani ni kuchoka. Baada ya miezi miwili aona tena, katikati ya mwezi. Shoga yake humwambia kwamba ni dalili za kukoma hedhi. Hununua dawa dukani. Halafu maji yenye harufu mbaya huanza kumtoka, naye huacha kwenda kwenye chama cha akina mama. Hupewa mizizi ya kuchemsha. Mwaka wapita. Sasa kiuno chauma, mguu mmoja wavimba, nguo zampwaya. Ndipo auzapo mbuzi kwenda hospitali. Daktari atafanya awezalo, lakini nguzo imekwisha kuliwa.

Basi yeyote anayeona damu isiyo ya wakati wake asingoje mwezi wa pili. Ni damu katikati ya mwezi, au baada ya kukutana na mume, au damu yoyote ile kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi. Nyanya wa miaka sitini akiona hata tone moja, hiyo si kurudi ujana kama wengine wanavyofanya mzaha. Apelekwe kwa daktari juma hilo hilo. Si kila damu ni kansa, lakini ni daktari atakayesema hivyo, wala si shoga wala muuza duka.

Lakini zaidi twataka kusema na yule asiyeona dalili yoyote. Kupimwa kwenyewe kukoje? Wengi huogopa kwa sababu hawajui, na aliyekwenda hakuwasimulia. Basi tutasimulia sisi.

Utafika kliniki, utaulizwa maswali machache, kisha utaingia chumba chenye pazia. Utalala chali, magoti juu, kama wakati wa kujifungua. Muuguzi ataingiza kifaa chenye umbo la mdomo wa bata, akifungue taratibu ili auone mlango wa kizazi. Utasikia ubaridi na kubanwa kidogo. Halafu, katika kipimo kilicho rahisi kuliko vyote, huchovya pamba katika siki iliyochanganywa na maji na kupaka mlango wa kizazi. Ndiyo, siki, ile ile ya jamii ya jikoni. Baada ya dakika moja hivi, ngozi iliyoharibika hugeuka kuwa nyeupe, na ngozi nzima hubaki rangi yake. Muuguzi aliyefundishwa huona kwa macho yake mwenyewe, na majibu huyapata papo hapo kabla hujafunga leso yako. Kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi kipimo hiki hakifai sana, maana sehemu ya kutazamwa huwa imerudi ndani. Yeye aombe kipimo kingine.

Kipimo cha zamani zaidi ni kile cha kukwangua chembe kidogo kwa kijiti au brashi na kuzitazama kwa hadubini. Kiliitwa Pap kwa jina la George Papanicolaou, daktari Mgiriki aliyefanya kazi New York, ambaye mwaka 1943 alitoa kitabu cha kukieleza pamoja na mwenzake Herbert Traut. Yafaa tuseme kwamba mke wa daktari huyo alijitoa mwenyewe kupimwa mara kwa mara kwa miaka mingi ili kazi ya mumewe iendelee. Wanaume wengi husifiwa kwa kazi ambayo mke alibeba nusu yake.

Siku hizi kuna kipimo cha tatu, ambacho hukitafuta kirusi chenyewe, na Shirika la Afya Duniani lasema ndicho bora. Kwa akina mama wanaoona haya twaongeza habari njema. Katika kipimo hiki, na katika vituo vilivyo nacho, mwanamke anaweza kupewa kijiti cha pamba akaingia faraghani na kujichukulia mwenyewe. Hakuna mtu atakayemtazama. Na hata kwa vipimo vile vingine, ukiona muuguzi ni mwanamume nawe huna raha, una haki ya kuuliza kama yuko wa kike. Uliza kwa adabu.

Ikiwa doa limeonekana, usilie. Umelipata adui akiwa mlangoni. Kwa wengi dawa yake ni kuiunguza sehemu hiyo kwa kifaa cha joto, au kuigandisha kwa baridi kali. Ni kazi ya dakika chache, halali mtu hospitali, na mara nyingi hufanywa siku hiyo hiyo. Doa likiwa kubwa daktari hulikata kwa uzi mwembamba wa umeme baada ya kulitia ganzi. Kizazi hakiondolewi, na kwa kawaida mwanamke huweza kuzaa baadaye. Kwa majuma kadhaa atatokwa na maji maji, naye ataambiwa asikutane na mume kwa muda wa majuma manne hadi sita ili kidonda kipone. Baba, hapa ndipo tulipokuwa tukija. Mke wako akirudi na agizo hilo, usimwone kuwa amekukataa, wala usimwulize ni daktari gani huyo anayetawala nyumba yako. Majuma sita si mengi kwa mtu unayetaka kuzeeka naye.

Kwa nini basi akina mama hawaendi? Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 ilionekana kwamba kati ya wanawake 100 wa Kenya wenye miaka 30 hadi 49, ni kama 16 tu waliokuwa wamepata kupimwa. Sehemu ya lawama ni ya vituo, ambapo leo hakuna siki, kesho muuguzi yuko semina. Lakini sehemu ni ya haya, na sehemu ni ya wazo kwamba ugonjwa usiotafutwa haupo. Mwanamke wa miaka 25 na zaidi aulize habari ya kipimo cha siki, na kukirudia baada ya miaka mitatu. Kuanzia miaka 30, kama kituo kina kipimo cha kirusi, kimoja katika miaka mitano chatosha ikiwa majibu ni mazuri. Mwenye virusi vya ukimwi hatari yake ni kama mara sita kuliko ya mwenzake, kwa hiyo apimwe mapema zaidi na mara nyingi zaidi. Asingoje kuambiwa, aulize siku anapokwenda kuchukua dawa zake.

Na kama ni kansa yenyewe iliyoonekana? Hata hapo si mwisho, hasa ikiwa ingali changa. Hutibiwa kwa kupasuliwa, au kwa mionzi pamoja na dawa, na wengi waliowahi wamepona kabisa. Zamani mgonjwa wa mionzi kutoka Lodwar au Lamu hakuwa na njia ila kusafiri hadi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi. Siku hizi mashine ziko pia katika miji mingine kama Eldoret na Mombasa. Bado ni safari, na bado ni gharama, hatutawadanganya. Lakini mwaka unaotumiwa kuzunguka kwa waganga wa mizizi ni mwaka ambao kansa hautumii kupumzika. Kuomba ni kuzuri, nasi twaomba pamoja nanyi. Ukiisha kusema amina, panda matatu uende hospitali.

Sasa tuseme juu ya binti zetu, ambao kwao kuna jambo ambalo mama zao hawakulipata. Ni chanjo. Serikali ya Kenya iliianza Oktoba mwaka 2019, na uzinduzi ulifanywa Mombasa, kwa wasichana wa miaka kumi. Wazazi wengi waliuliza, "Mtoto wa miaka kumi ana nini na mambo hayo?" Swali ni la haki, na jibu ni fupi. Chanjo huzuia kirusi kisiingie, haiwezi kumfukuza aliyekwisha kuingia. Huwezi kujenga boma baada ya fisi kula mbuzi. Pia mwili wa mtoto huipokea vizuri kuliko wa mtu mzima. Mtoto aliyechanjwa surua hakufundishwa kupenda surua, na huyu naye hafundishwi uasherati. Malezi ni kazi ya wazazi, wala sindano haiwapunguzii wala haiwaongezei.

Ulienea pia uvumi kwamba chanjo huziba kizazi. Uvumi huo ulisafiri upesi kuliko chanjo yenyewe, hasa kwa simu. Hauna ukweli. Ndani ya chanjo hamna kirusi hai. Mna kitu kama ganda tupu lake, lililotengenezwa ili mwili ujifunze sura yake. Ni kama mzee anayewaonyesha watoto gamba la nyoka, ili siku wakikutana na nyoka mwenyewe wamtambue. Gamba haliumi mtu. Mkono utauma siku moja mbili, pengine homa ndogo itakuja, na msichana mwoga anaweza kuzimia kidogo kama anavyoweza kwa sindano yoyote. Chanjo hii imetumika duniani tangu mwaka 2006. Jirani zetu wa Rwanda waliianza mwaka 2011, nao walifikia zaidi ya wasichana 90 katika kila 100 waliokusudiwa. Huko Uingereza watafiti walitoa matokeo mwaka 2021. Miongoni mwa wanawake waliochanjwa wakiwa na miaka 12 na 13, kansa ya mlango wa kizazi ilikuwa imepungua kwa 87 katika kila 100. Ni mara chache mtu kusikia habari ya kansa yenye hesabu ya namna hiyo.

Na kuna habari moja ambayo sisi wa Kenya twapaswa kuijua. Kwa miaka mingi wasichana walidungwa mara mbili au tatu, na wengi hawakurudi kwa sindano ya pili kwa kuwa kliniki ni mbali au shule imefungwa. Basi watafiti, Daktari Nelly Mugo wa KEMRI akiwa mmoja wa viongozi wao, waliuliza kama sindano moja ingetosha. Wanawake vijana 2,275 wa Thika, Nairobi na Kisumu, wenye miaka 15 hadi 20, walikubali kushiriki. Mwaka 2022 jibu lilitangazwa. Katika muda wa miezi 18 sindano moja ilizuia maambukizo ya aina zile mbaya, ya 16 na ya 18, kwa zaidi ya 97 katika kila 100. Mwisho wa mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba nchi zaweza kutumia sindano moja kwa wasichana wengi. Mabinti wa Thika na Kisumu wamewarahisishia njia mabinti wa ulimwengu, na ajabu ni kwamba wengi wetu hatujapata kusikia habari yao. Msichana mwenye virusi vya ukimwi huhitaji zaidi ya sindano moja, na muuguzi atamweleza mzazi.

Aliyechanjwa naye akikua apimwe, kwa sababu chanjo haikingi kila aina ya kirusi. Yapo pia mambo mengine ya kupunguza hatari. Tumbaku huisaidia kansa hii kuota, kwa hiyo mama anayevuta sigara ana sababu nyingine ya kuacha. Kadiri mtu anavyokuwa na wenzi wengi ndivyo anavyojiongezea hatari, na mipira ya kiume huipunguza lakini haiimalizi, kwa kuwa kirusi hukaa katika ngozi ambayo mpira haufiki. Mengi ya hayo mmeyasikia kwingine.

Mwaka 2020 mataifa ya ulimwengu yalikubaliana juu ya shabaha ya kufikiwa mwaka 2030: wasichana 90 katika kila 100 wawe wamechanjwa kabla ya kufika miaka 15, wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa kwa kipimo kizuri kabla ya miaka 35, na tena kabla ya miaka 45, na 90 katika kila 100 walioonekana na ugonjwa wawe wametibiwa. Hizo ni hesabu za wakubwa mezani. Hesabu ya kanisa la kijijini ni ndogo zaidi. Akina mama wa chama wako thelathini. Ni wangapi wamepimwa? Mwenye kiti anaweza kuuliza swali hilo Alhamisi hii baada ya kufungua kwa sala. Halafu waende pamoja, kumi kwa siku moja, kama wanavyokwenda matangani. Anayekwenda na wenzake hana la kuonewa haya, na muuguzi akiona kumi wamefika hawezi kusema kwa urahisi kwamba warudi mwezi ujao. Wapige simu kwanza kuuliza siku ya kliniki na kama vifaa vipo. Wachague siku ambayo mtu hayumo katika hedhi. Wabebe leso, kitambulisho na kitabu cha kliniki, na kila mmoja aandike tarehe atakayorudi mahali ambapo hataipoteza. Na baba, kama bado umeketi, nauli ya mama ya kwenda na kurudi iwe mezani asubuhi hiyo kabla hajaiomba.